Kuchangia RetroArch: nianze na msimbo au majaribio?

Swali
Ndugu zangu, nimejifunza lugha ya C kwa miaka miwili na ninaipenda sana RetroArch, programu ya kuchezea michezo ya mashine za zamani. Ningependa kuichangia kwa dhati, lakini sijui kama mgeni aanze kuandika msimbo au kufanya majaribio.

Jibu la 1
Karibu sana, ndugu. Anza na majaribio, kwa sababu RetroArch yenyewe haiigi mashine yoyote. Hupakia viini, yaani programu ndogo zinazoiga mashine hizo, ambavyo huzungumza nayo kupitia kiolesura cha libretro, na kila kiini kina hazina yake ya msimbo. Ukikuta kasoro, ijaribu kwenye viini viwili au vitatu, kisha ubadilishe kiendeshi cha picha, kwa mfano kutoka OpenGL kwenda Vulkan, ili ujue ripoti inapaswa kupelekwa wapi. Ambatisha hatua za kuirudia, namba ya toleo na logi ya kina inayotolewa ukiendesha programu kwa chaguo la --verbose. Kwa maoni yangu, ripoti ya namna hiyo ina thamani sawa na msimbo.

Jibu la 2
Naafiki. Kama toleo la zamani halikuwa na kasoro hiyo, tumia git bisect, amri ya Git inayotafuta kwa kugawa orodha ya mabadiliko nusu kwa nusu: kati ya mabadiliko 1,000, hatua takribani 10 zinatosha kulipata lililoileta. Ukiandika rekebisho, zingatia kanuni za C89 (kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989), hasa kutangaza vigeu mwanzoni mwa bloku, kwa kuwa programu hii hujengwa pia kwa ajili ya mashine kongwe.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Nitaanza na viini vya Super Nintendo, ambavyo ninavifahamu vizuri.