Tupeane uzoefu: filamu uliyoiona ukiwa mdogo na mpaka leo huipati

Wadau wa Lamu na Malindi salaam. Yangu hii. Nikiwa darasa la tano kwetu Langoni ami alikuwa na deki moja na kanda kama kumi, ile tuliyoipenda zaidi deki ikaila karibu na mwisho. Ami akafungua kanda kwa bisibisi akakata kipande kilichokunjamana akaunga kwa selotepu, basi tangu siku hiyo jamaa anainua bastola, picha inaruka, watu wako harusini wanacheza. Nani kafa? Hakuna ajuaye. Kanda haina karatasi, sisi tukiiita tu "ile ya farasi mweupe". Nikimuuliza mtu wa sinema za Kihindi ananambia za farasi mweupe ziko mia. Nyinyi je?

BintiShela: 😂😂 kwetu ni Sholay, sinema ya Kihindi ya 1975. Kaka zangu wawili hawakusemezana siku tatu, mmoja aapa Thakur kamuua yule jambazi Gabbar kwa viatu vya misumari, mwenziwe aapa polisi walimzuia. Kumbe wote wakweli! Mwisho wa kwanza ni huo wa kuua, bodi ya kukagua filamu kule India ikaukataa wakapiga mwingine, na kanda za mwisho wa zamani zikawa zazunguka vilevile. Mkubwa alipokuja kujua akampigia mwenziwe Oman usiku kumwambia haya, umeshinda. Aliyepigiwa hata ubishi haukumbuki.

FundiDeki_Mld: nimetengeneza deki Malindi miaka mingi, adui mkubwa wa kanda huku pwani ni ukungu. Inaota unga mweupe pembeni ya rili ya utepe, ukiitia tu kichwa cha deki kinachafuka na kila kanda inayofuata ni chenga tupu mpaka upanguse kwa spiriti. Watu waliniletea kanda za harusi zimeota hivyo nalia nao. Zangu mwenyewe nilitupa gunia zima dvd zilipoingia, usinikumbushe. Ila hata wenyewe Wahindi, Alam Ara ya 1931, filamu yao ya kwanza ya sauti, hakuna nakala hata moja imebaki, ni picha za mnato na matangazo basi

MkaziWaMkomani: yangu haikupotea, haikuzaliwa. Mr. India sehemu ya pili. Ya kwanza ni 1987, tumengoja weee, Amrish Puri aliyecheza adui Mogambo akafa 2005, Sridevi aliyecheza naye 2018. Sasa Mogambo atakuwa nani jamani

FundiDeki_Mld: mwenye farasi usikate tamaa, Metropolis ya Wajerumani ya 1927 ilikatwa vipande vikahesabiwa vimepotea, 2008 vikaonekana Buenos Aires.

BintiShela: ngoja, huyo wa bastola alikuwa na kovu shavuni? Mama yuko hapa anasema hakufa mtu, risasi ilipiga taa

Kovu sikumbuki dada. Muulize bibi harusi alikuwa nani, yule wa mwanzo au yule mdogo wake??