Tupeane uzoefu: uliombaje chuo kikuwekee mazingira yanayofaa ulemavu wako?

Wadau, salaam. Nina uoni hafifu, chuo nimeshamaliza, na uzi huu naufungua kwa ajili ya wanaoanza. Naanza mwenyewe.

Mwaka wa kwanza nilikaa kimya, nikihofia kuonekana nimeingia chuoni kwa kuhurumiwa. Mtihani wa kwanza maandishi yalikuwa madogo mno. Nikainama mpaka pua ikagusa karatasi, msimamizi akaja kusimama nyuma yangu akidhani nimeficha kitu. Saa mbili zikaisha nikiwa swali la tatu kati ya matano. Somo lile nililirudia.

Nilipoamua kwenda ofisini nilibeba barua ya daktari yenye jina la ugonjwa tu. Wakaniuliza, "Sasa unataka tukufanyie nini?" Sikuwa na jibu. Nikarudi kwa daktari, nikamwomba aandike kinachonishinda: maandishi chini ya pointi 18 siyasomi, na macho huchoka nikisoma mfululizo. Barua hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Nikapewa karatasi ya maandishi makubwa na nyongeza ya nusu ya muda, yaani mtihani wa saa mbili naufanya kwa saa tatu. Kwa hiyo, ndugu zangu, jina la ugonjwa pekee halitoshi. Elezeni kazi gani inakwama na nini kitaikwamua.

Wewe ulianzia wapi?

Mchangiaji wa 1
Asante kwa uzi, mkuu. Mimi ni kiziwi. Chuo kilinipa mkalimani mmoja wa lugha ya alama kwa vipindi vya saa mbili, nami nikashukuru, sikujua kwamba hiyo haitoshi. Kazi ile inachosha akili. Kwa kawaida wakalimani huwa wawili, wakapokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Wangu akichoka, nami napoteza somo. Tena macho yangu yakiwa kwa mkalimani siwezi kuandika, hivyo niliomba pia mtu wa kuniandikia dondoo. Na slaidi ziombeni mapema, mkalimani ajiandae na istilahi.

Mchangiaji wa 2
Sioni kabisa, natumia kisoma skrini, yaani programu inayonisomea kwa sauti maandishi ya kwenye kompyuta. Iitwayo NVDA ni ya bure, anzeni nayo. Tatizo langu lilikuwa vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa: programu inafungua faili, inakaa kimya, kwa sababu kwake hiyo ni picha, si maandishi. Maktaba ikasema kuvibadilisha ni kuvunja hakimiliki. Nikawaonyesha Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu nakala zinazosomeka na wasioona bila kuomba kibali cha mwenye haki. Angalieni kwanza kama nchi yenu imejiunga; yangu ilikuwa imejiunga, na wakakubali.

Mchangiaji wa 3
Nina kifafa. Mhadhiri aliniambia mbele ya darasa, "Mbona huonekani mgonjwa?" Niliumia sana, kusema kweli. Baadaye ofisi ikanitolea barua isiyotaja ugonjwa, inasema tu kwamba naruhusiwa kutoka chumbani na kufanya mtihani siku nyingine nikipata shambulio. Mhadhiri anatakiwa kujua nahitaji nini. Ninachougua ni siri yangu na daktari.

Mchangiaji wa 4
Swali: hii ni haki au ni hisani ya chuo? Kwetu wanasema ni "kwa kadiri ya uwezo".

Mwanzisha uzi
Ni haki, mkuu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24, unataja elimu ya juu waziwazi na kuzitaka nchi zilizouridhia zihakikishe marekebisho yanayofaa. Chuo kinaweza kusema ombi fulani ni mzigo mkubwa kupita kiasi, lakini kisiishie hapo; mjadiliane njia nyingine. Omba kwa maandishi, tunza nakala, na uombe muhula unapoanza. Mimi nilichelewa, na matokeo ya mtihani niliokwisha kufanya hayakubadilishwa.

Mchangiaji wa 1
Na mafunzo kwa vitendo je? Barua ya chuo nilipoifikisha mahali pa kazi, waliniambia haiwahusu. Aliyepita hapo atuambie alifanyaje, naripoti mwezi ujao.