Re: Tamasha la sufu kule West Friendship, nani ameshaenda?

Mgeni wa Laurel aliandika:

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ni mgeni kidogo huku Maryland, nimehamia Laurel mwezi wa kumi na moja nikitokea Minnesota, kazi yangu ni ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Sasa pale kazini tuko wamama wanne tunafuma pamoja saa ya mapumziko, wazungu wawili, Mfilipino mmoja na mimi, na wenzangu wameniambia wikiendi ya kwanza ya mwezi wa tano wanakwenda kwenye tamasha la kondoo na sufu hapo Howard County na mimi wameshanihesabu. Nimekubali kabla sijauliza chochote, ndo zangu.

Naomba kujua, niende na hela kiasi gani, nivae nini, kuna basi la kufika huko maana sitaki kumtegemea mtu wakati wa kurudi. Na swali la aibu kidogo, kuna weusi wenzetu huko au nitakuwa peke yangu kama nzi kwenye maziwa? Kufuma nilifundishwa na bibi kwa spoki za baiskeli alizozinoa kwenye sakafu, sijui majina ya nyuzi za huku, mimi najua uzi mnene na uzi mwembamba basi.

Mama Watatu, Parkville:

Karibu sana Maryland dadangu, na hiyo ya spoki umenikumbusha mbali, hata mimi ya kwanza nilishona nayo sweta ya mdoli, mkono mmoja mrefu mwingine mfupi na bado nikapigiwa makofi.

Basi hakuna. Hilo litoe kichwani kabisa, pale ni shamba, unashika I-70 ukielekea Frederick unatokea exit ya 80 unaingia barabara ya 32, na siku ya Jumamosi asubuhi ukifika saa tatu na nusu utakaa kwa foleni ya magari hadi chai iishe kwa thamosi. Sisi huwa tunaenda mapema kabla mageti hayajafunguliwa, au tunaenda Jumapili. Jumapili watu ni wachache lakini rangi nzuri zimeisha, chagua ugonjwa wako. Paking ni kwa nyasi kwa hivyo kama kumenyesha wiki hiyo vaa gamboti, usione haya, utapata wenzako wengi wamevaa. Asubuhi ya mwezi wa tano hapa ni baridi na saa saba ni jua kali, vaa nguo mbili tatu za kuvua moja moja. Na uvae kitu umefuma mwenyewe hata kama ni skafu tu, kwa sababu huko ndiyo salamu yao, mtu hakujui atakushika mkono wa sweta aulize huu ni uzi gani, usiruke ukidhani anakuibia.

Kuhusu weusi, wacha nikuambie ukweli, wengi ni wamama wazungu wa umri wa shosho. Lakini wafumaji weusi wako na kila mwaka nawaona zaidi, tunatikisiana vichwa kwa mbali, na wauzaji weusi wa nyuzi pia wako, wale wanapaka rangi wenyewe kwa sufuria. Hautakuwa peke yako na hata ukiwa peke yako hakuna mtu atakuangalia, wote wanaangalia uzi.

Sasa hela. Hapa sikiliza vizuri. Uzi wa kupakwa rangi kwa mkono ni kama dola 30 kwa gramu 100, pengine zaidi. Sweta ya mtu mzima kwa uzi wa unene wa katikati, ule wa sindano namba 7 au 8 ya Marekani, yaani milimita 4 na nusu au 5, inakula yadi kama 1,100, na gramu 100 za uzi huo ni kama yadi 200. Piga hesabu, ni mafungu sita ya gramu 100, dola 180 kabla hujanunua hata maji. Mimi mwaka wa kwanza nilinunua tatu kwa sababu zilikuwa za kupendeza, nikasema zingine nitaagiza, kumbe rangi ya sufuria haijirudii, leo hiyo kitu ni kizibao hakina mgongo iko kwa kabati. Kwa hivyo nenda ukijua unataka kushona nini na inataka yadi ngapi, andika kwa karatasi, na mzunguko wa kwanza usinunue KITU. Zunguka tu mabanda yote, shika, nusa, uliza bei, halafu rudi.

Na usije ukanunua manyoya ghafi. Hiyo nitaandika kesho, ni hadithi ndefu.

Bi Krosheti:

Assalam aleikum. Mie nishakwenda mara mbili na shoga yangu wa Columbia. Naongeza mambo ambayo Mama Watatu hakuyasema.

Chakula. Pale kuna nyama ya kondoo inachomwa harufu yake yafika mpaka kwenye magari, na ukiwa mtu wa pwani roho itakuuma, lakini mie sikumuona wa kunambia imechinjwa vipi, basi nabeba wali wangu na samaki wa kupaka kwenye hotpoti na tunakula chini ya mti. Chipsi zipo, maji ya limau yapo. Kuswali niliswali kwenye majani nyuma ya gari, hakuna alonisemesha.

Halafu mie si mfumaji wa masweta, joto la kwetu Unguja sweta la nini, mie nashona kofia. Ile ya kwanza nilobeba ilikuwa nusu, nikakaa kwenye benchi natia vitobo nikimsubiri shoga yangu alopotelea kwenye banda la vifungo, mara naona wamama sita wamenizunguka. Wanauliza sindano gani, uzi gani, inachukua muda gani. Nikawambia miezi, wakaguna. Mmoja akataka kununua hapo hapo, nikamwambia hii ina mwenyewe, ya mjomba. Huyo mama mpaka leo tunaandikiana. Kwa hiyo dada wa Laurel, beba kazi yako ya mkono. Ukikaa na simu utakuwa mpita njia, ukikaa na kazi watu wanakuja wenyewe.

Na uwatizame wale wanaoshindana toka kondoo mpaka shali. Timu moja ina mtu wa kukata manyoya, watatu wa kusokota, mmoja wa kufuma kwenye kitanda cha mfumi, na wana saa tatu tu. Kondoo anaingia ana nguo zake, shali inatoka. Halafu shali zenyewe hupigwa mnada. Mie nilisimama pale mpaka miguu ikavimba.

Mama Watatu, Parkville:

Haya, hadithi ya manyoya.

Mwaka fulani nimezunguka nikaingia jengo la manyoya, huko wanauza manyoya ya kondoo mzima yakiwa kwa mifuko ya plastiki, yamepangwa kwa meza kama maiti, samahani lakini ndivyo yanakaa, na watu wanapanga foleni asubuhi kuyakimbilia. Nikaona mfuko umeandikwa Corriedale. Sasa mimi ni mtu wa Molo. Corriedale ndio kondoo tulikuwa tunachunga, baba alikuwa anawakata na makasi ya mkono, na sufu ilikuwa inapelekwa kwa magunia sisi hatujui inaenda wapi, hakuna siku hata moja nilivaa sweta ya kondoo wetu, tulivaa zile za akriliki za shule zinakuchoma shingo. Nikashika yale manyoya nikanusa nikawa niko nyumbani, machozi karibu. Dola 10 kwa pauni, pauni 7, dola 70. Nikajiambia hii ni bei ya mafungu mawili na kidogo ya uzi na napata sweta nne, wacha wajinga wanunue uzi.

Nikaipeleka apatimenti. Jamaa yangu akafungua mlango akauliza ni nani amekufa.

Mnajua yale manyoya yana mafuta, yale yale wanatengenezea krimu za midomo, na yana mavi, nyasi, mbegu. Hayasafiki na maji ya baridi kwa sababu mafuta hayatoki, inabidi maji moto sana, nyuzi joto 60 za Selsiasi hivi, na sabuni ya vyombo, halafu unayazamisha unayaacha yatulie, usikoroge, usisugue, usifungulie bomba juu yake, na unayatoa kabla maji hayajapoa vinginevyo mafuta yanarudi kwa sufu yameganda. Hayo yote niliyajua BAADAYE. Mimi niliyatia kwa bafu nikafungulia maji moto juu yake na nikaingia na miguu nikayakanyaga kama blanketi la boma.

Yaligandamana yakawa zulia. Zulia nene la sura ya bafu, hata ile shimo ya maji ilikuwa imechorwa hapo. Na bafu ikakataa kupitisha maji, fundi wa jengo akaja akaingiza waya wake akavuta kitu kama paka aliyelowa, akaniangalia, nikamwambia ni mambo ya utamaduni. Nililipa dola 150 za fundi. Na hata kama ningeosha vizuri, nilikuja kuambiwa karibu nusu ya uzito ni mafuta na uchafu, pauni 7 ingebaki 4.

Zulia nililikata soli za ndani za viatu. Kwa zamu ya usiku hakuna kitu kizuri kama hiyo, joto lakini mguu hautoi jasho, nimeshamaliza jozi ya tatu. Kwa hivyo siwezi nikasema nilipoteza yote.

Shemeji Dereva:

Mimi ni mume wa mfumaji, hapa nasoma tu kimya miaka yote lakini leo lazima niseme. Wanaume msikubali kubaki nyumbani siku hiyo, kuna mbwa wa kuchunga kondoo wanafanya maonyesho, kuna jamaa wanakata manyoya kwa mashine dakika chache kondoo yuko uchi, na kuna kondoo wa aina inayoitwa Jacob ana pembe nne, NNE, na mabaka kama ng'ombe. Nilimpigia picha nikamtumia mzee wangu Singida akanipigia saa hiyo hiyo anauliza huyo anauzwa, na mimi niko wapi, na nimeacha lini kazi ya lori. Pia kuna mnada wa vifaa vilivyotumika, zile mashine za gurudumu kama baiskeli za kusokotea uzi na vitanda vya kufumia. Huo mnada mke wako asiujue. Wa kwangu aliujua, sasa kwenye gereji yangu gari linalala nje.

Mgeni wa Laurel aliandika:

Asanteni jamani nimecheka hadi mgonjwa wangu kaamka. Swali moja la mwisho, nataka nimfumie mama sweta, yuko Njombe na mnajua baridi ya Njombe mwezi wa sita na wa saba. Ninunue uzi gani? Nguo zinafuliwa na dada wa kazi na yeye anafua kila kitu sawasawa, jinzi na kitenge na shuka, maji ya moto na kupiga kwenye jiwe.

Mama Watatu, Parkville:

Uliza muuzaji ule wa sufu iliyowekwa dawa isigandamane, unaandikwa kwa lebo kwamba unaweza kuingia kwa mashine. Si ati hauharibiki kabisa kwa hilo jiwe, lakini angalau haitarudi ya mtoto wa miaka miwili. Ile sufu ya kawaida hapana, hata ikiwa ya mbwembwe, dada wa kazi ataimaliza mara moja na si makosa yake. Na uliza kama muuzaji ana kimashine cha kukunjia uzi uwe donge, kwa sababu uzi wa huko hauuzwi kama donge, umesokotwa kama mkate, ukianza kufuma bila kuukunja utalia.

Mgeni wa Laurel, Jumatatu baada ya tamasha:

Nimerudi. Miguu sina.

Tulifika mapema kama mlivyosema na bado foleni ipo. Nilivaa ile skafu yangu ya mistari, nikasimamishwa mara nne, mmoja akauliza nimetumia sindano gani nikamwambia spoki ya baiskeli, akaandika kwenye simu, sijui sasa nimeanzisha nini. Weusi niliwakuta, kuna dada mmoja wa Baltimore anauza nyuzi kaniongezea kadonge kadogo ka bure kwa sababu nilikuwa na karatasi yenye yadi nimeandika, kasema wateja wangekuwa wote hivyo. Nimechukua sita, kijani iliyoiva kama majani ya chai, za mama. Mzunguko wa kwanza sikununua kitu isipokuwa sabuni, na sabuni si uzi.

Nikapita jengo la manyoya kwa upande wa pili wa njia, sikugeuza kichwa. Lakini yule mwenzetu Mfilipino aligeuza. Amenunua mfuko mzima, ameniambia nisimwambie mume wake, na kwa sababu kwake bafu ni moja na watoto ni watatu, ameuleta kwangu. Uko hapa jikoni nauangalia. Unanuka kweli.

Mama Watatu, hayo maji ya nyuzi 60, nayapimaje bila kipimo? Na hizo nyuzi za mama sijapata kimashine, foleni ilikuwa ndefu, nimejaribu kukunja kwenye mgongo wa kiti na sasa nina fundo la ukubwa wa nazi. Jumamosi uko nyumbani?

Mama Watatu, Parkville:

Niko. Kuja na fundo. Huo mfuko usiupande nao kwa lifti yetu, fundi bado ni yule yule.