Sista mweusi kwenye picha ya zamani ya misheni Bagamoyo: alitoka wapi?

MjukuuWaBibi
Wakuu, heshima zenu. Marehemu bibi aliacha kopo la biskuti lenye vyeti vya ubatizo, rozari iliyokatika na picha moja. Karatasi yenyewe ni nyembamba kama ganda la kitunguu, imebandikwa kwenye kadi ngumu, na rangi imegeuka chai ya maziwa. Wamo wasichana kumi na wanne, nimewahesabu, wote wamevaa nguo nyeupe, nyuma yao kanisa lenye mnara. Wa tatu kutoka kushoto hana uso, ni ukungu tu.

Pembeni amesimama sista mwenye shela. Mweusi tii, kuliko hata mimi. Mjomba anasema ni kivuli cha jua, eti masista wa enzi hizo walikuwa Wazungu watupu. Lakini mikono yake inaonekana vizuri kabisa! Mgongoni mwa kadi pameandikwa kwa wino "Mission de Bagamoyo, Zanguebar". Jina la mtu hakuna hata moja. Bibi alikuwa akisema bibi yake yeye yumo humo, ila hakuwahi kutuonyesha ni yupi.

Sista huyo anaweza kuwa nani? Na nitajuaje mwaka? Kesho naipeleka ikafanyiwe laminesheni isije ikachakaa zaidi.

FundiPicha
Dada, laminesheni HAPANA! Lile joto na plastiki ukishavipitisha hakuna kurudi nyuma. Usiifute kwa kitambaa kibichi, usibandike selotepu. Iskani mbele na nyuma, kisha iweke kwenye bahasha ya karatasi, mbali na jua.

Halafu itazame kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vidogo vidogo vilivyojipanga, hiyo imechapwa kiwandani. Usipoviona, ni picha yenyewe. Kwa ulivyoieleza nadhani ni ile ya karatasi iliyopakwa ute wa yai. Ndiyo, yai la kuku. Zilitawala hadi miaka ya 1890.

MwalimuMstaafu
Binti, mjomba wako nampa pole. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Unguja, na huko Unguja misheni ilianzishwa mwaka 1860 na watu waliotoka Réunion, kisiwa cha Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Miongoni mwao walikuwemo masista wa shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa Réunion mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kufutwa kule Desemba 1848. Shirika hilo lilipokea wanawake weusi, hata waliokuwa watumwa. Kwa hiyo watoto waliokombolewa sokoni Unguja waliweza kulelewa na sista ambaye naye alizaliwa utumwani. Hilo vitabu vingi hulipita mbio, vikamalizia kwa mapadre wenye ndevu.

Kuhusu mwaka, angalia kanisa. Lenye mnara lilijengwa mwaka 1872. Ndimo ulimolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Kanisa kubwa la jirani lilijengwa kati ya 1910 na 1914. "Zanguebar" ni jina Wafaransa waliloita pwani yetu. Ukijumlisha na karatasi ya ute wa yai, mimi ningesema kabla ya 1900.

Majina utayapata kwenye daftari la ubatizo parokiani, si kwenye picha. Nenda na vile vyeti vya kwenye kopo. Nakala ya picha itume kwenye hifadhi ya nyaraka ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, Chevilly-Larue, karibu na Paris. Andika ulichosimuliwa na bibi. Huko wana picha nyingi za watu wasiojulikana.

MjukuuWaBibi
Shikamoo mwalimu, asante sana. Fundi, vitone hakuna, na laminesheni nimeahirisha. Nimemsomea mjomba, kanyamaza, kisha kaomba kioo cha kukuzia.

Ila yule asiye na uso, karatasi imeharibika?

FundiPicha
Haijaharibika. Kamera za siku hizo zilihitaji mtu atulie sekunde kadhaa. Yeye alitikisika.

MjukuuWaBibi
Nimemwambia mama. Anasema basi tusihangaike na daftari, bibi wa bibi ndiye huyo. Kwetu hajazaliwa anayeweza kutulia.