Wingu binafsi kwa kampuni Dodoma: chumba chetu, raki ya Dar au la kukodi?

Kizota_IT
Wakuu, habari za kazi. Kampuni ya usambazaji, makao makuu Kizota, matawi Kibaigwa, Manyoni na Singida. Mashine pepe 12 (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva), RAM jumla GB 160, data TB 4. Seva zimechoka, tunataka wingu binafsi (seva za kutumiwa na kampuni yetu pekee). Mezani kuna njia tatu:
1. chumba chetu hapahapa Dodoma
2. seva zetu, ila tupangishe nafasi kwenye kituo cha data Dar
3. kukodi wingu binafsi kwa mtoa huduma wa ndani, vyuma vyake, sisi tunalipia kwa mwezi

Bei nitazifuata mwenyewe. Nataka kujua kila njia inafia wapi.

Zuzu220
Namba 1 haifii kwenye seva, inafia kwenye kiyoyozi. Seva tatu na swichi mbili zitakula kama wati 1,700. Kilowati moja ni BTU 3,412 za joto kwa saa, kwa hiyo joto lako ni kama BTU 5,800. Funga viyoyozi viwili vya 12,000 vipokezane, kila kimoja kiweze kubeba chumba peke yake.

Sasa kasheshe: umeme ukikatika na kurudi, viyoyozi vingi vya ukutani haviwaki mpaka mtu abonyeze rimoti. UPS (betri ya dharura) imeshikilia seva, mlango umefungwa, ni Jumamosi usiku. Jumatatu unakuta zimejizima kwa joto. Kabla hujalipa, mwambie fundi azime swichi kubwa, ahesabu dakika tano, awashe. Kiyoyozi kisipowaka chenyewe, kirudi dukani.

Halafu UPS na jenereta hazipatani kila mara. Jenereta ndogo ikiyumba kutoka hezi 50 hadi 47, UPS inaukataa umeme wake na kuendelea kula betri mpaka inakata, huku jenereta inanguruma nje. Panua kiwango cha hezi kwenye mipangilio ya UPS. Kwa mzigo huu, pamoja na viyoyozi, nisingeshuka chini ya kVA 10. Betri nazo: juu ya nyuzi 25, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata umri wake nusu. Na vumbi letu la kiangazi mnalijua. Filta zioshwe kila wiki mbili.

bi_raki
Namba 2 inakuondolea hayo yote, ila soma mkataba upande wa umeme kabla ya upande wa nafasi. Laini ya ampea 16 kwa volti 230 ni kW 3.68, pakia asilimia 80, yaani kW 2.9. Ukipewa laini A na B usishangilie: A ikikatika B inabeba zote, kwa hiyo mzigo wa A na B *kwa pamoja* usipite 2.9. Wengi hupakia 2.5 kila upande wakijiona wako salama.

Uliza nani anabadilisha diski saa nane usiku na kwa malipo gani. Treni ya SGR tunayo tangu 2024, lakini diski haisubiri treni. Nunua iDRAC au iLO (kifaa cha kuisimamia seva ukiwa mbali) yenye leseni kamili, na diski mbili za akiba zilale palepale kwenye raki.

FundiFaiba
Dada kasema vizuri, hajagusa njia ya mtandao. Ukihamia Dar, keshia wa Singida anategemea faiba kwa kila risiti. Chukua laini mbili za kampuni mbili, na wakuandikie zinapita wapi. Zikiwa zote zimekodi kwenye Mkongo wa Taifa (faiba kuu ya serikali) kwa njia ileile, unalipa bili mbili kwa waya mmoja.

Wingu la Cape Town au Johannesburg hukulitaja, sawa tu. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tuliona wote intaneti ilivyosuasua.

Bekapu: TB 4 kwa laini ya Mbps 50 ni siku saba na zaidi. Nakala ya kwanza ipeleke mkononi kwa diski, baada ya hapo tuma mabadiliko tu.

Kizota_IT
Nikichanganya je? Seva mbili Kizota, moja Dar, Ceph (programu ya kuunganisha diski za seva nyingi) iziunganishe?

bi_raki
Usithubutu mkuu. Ceph haijibu mpaka nakala zote ziandikwe. Kilomita 450 hadi Dar, kwenda na kurudi ni milisekunde 4.5 kwa mwanga peke yake, na faiba haiendi mstari ulionyooka. Hifadhidata itatambaa.

Zote tatu chumba kimoja, Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe), swichi ya gigabiti 10, Corosync (inayofanya seva zijuane kuwa hai) ipewe mtandao wake. Kila seva RAM GB 128 na SSD nne za TB 1.92, zile zenye kinga ya kukatika umeme. Za kompyuta za mezani zitakuangusha kwenye uandishi. Ghafi ni TB 23, kwa nakala tatu inabaki 7.68. Data yako inajaza asilimia 52. Diski moja ikifa, mzigo wake unahamia tatu zilizobaki kwenye seva hiyohiyo: asilimia 69. Ceph inaanza kulalamika kwenye 85 na kugoma kuandika kwenye 95, kwa hiyo ukivuka TB 4.6 ongeza diski. RAM: seva moja ikifa zinabaki GB 256, toa kama 48 za Ceph na mfumo, 208 zinatosha.

mzee_wa_leseni
Anayefikiria VMware (programu nyingine ya mashine pepe) akumbuke: tangu Broadcom wainunue 2023 leseni ya kudumu haiuzwi tena, na kila prosesa inahesabiwa kora 16 hata ikiwa na 8.

Ihumwa_Admin
Hesabu za bi_raki sipingi. Swali ni nani ataamka kuirekebisha hiyo Ceph. Mafundi wakiwa wachache, namba 3, ila mkataba ujibu haya: prosesa na RAM ni zako peke yako au mnagawana? Bekapu iko jengo jingine? Siku ya kuondoka unapewa diski za mashine kwa qcow2 au VMDK (mafaili yanayofunguka kwingine), ndani ya siku ngapi? Jaribu kurejesha mashine moja kabla ya kusaini. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023: wewe na mtoa huduma, wote msajiliwe kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kizota_IT
Mafundi tuko wawili. Mmoja yuko likizo ya uzazi.

Ihumwa_Admin
Basi uko mmoja. Namba 3. Seva yako ya zamani iliyo nzima zaidi ibaki Kizota ikipokea bekapu kila usiku, na kiyoyozi chake ukijaribu kama Zuzu alivyosema.