Jiko la mama Mji Mkongwe na jiko langu Fuoni: milioni 22 nizigawe vipi?

MwanaKiponda

Assalaamu alaykum wenzangu. Naomba ushauri, hasa wa mafundi na wa waliokwisha kukarabati nyumba za zamani.

Mama yangu anaishi Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba ya mawe ya urithi. Jiko liko juu kabisa, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, ili moshi utoke bila kupita vyumbani. Ukuta wa nyuma ya sinki unatoa chumvi. Rangi haimalizi mwaka, inabanduka kwa mabamba, na lipu iliyo chini yake inamomonyoka ukiigusa tu kwa kidole. Sakafu ina ufa unaoanzia pale maji machafu yanapotokea. Mama ana miaka 71, anapikia watu wengi, na mwezi wa Ramadhani jiko lile halilali.

Mimi naishi Fuoni, nyumba ya matofali ya saruji iliyojengwa 2015. Jiko lina kiza, dirisha moja dogo, kabati zimevimba chini ya sinki, na nikiwasha oveni na birika kwa pamoja umeme unakatika.

Nina shilingi milioni 22. Nilifikiri nizigawe nusu kwa nusu, fundi mmoja afanye zote mbili: marumaru mpaka darini, kabati za juu na za chini, kaunta ya granaiti. Fundi aliyekuja kuangalia amesema ukuta wa mama aupige lipu nzito ya saruji, na chumvi haitarudi tena. Nimkubalie?

FundiChokaa

Wa alaykumu ssalaam dada. Lipu ya saruji usikubali, hata ukifanyiwa bure.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi. Haukujengwa kuzuia unyevu, umejengwa uunywe na uutoe. Ukiufunika kwa saruji, maji yanakosa njia, yanatafuta pa kutokea juu zaidi au chumba cha pili, na chumvi inayafuata. Mwisho saruji yenyewe inaachia, na ikianguka inaondoka na uso wa jiwe. Marumaru mpaka darini ni shida ile ile kwa bei kubwa zaidi. Rangi ya mafuta nayo hivyo hivyo.

Kabla ya kununua chochote, tafuteni maji yanatoka wapi. Fungeni mfereji wa maji safi wa jiko usiku kucha muone kama ukuta unaendelea kulowa. Angalieni dari baada ya mvua. Angalieni bomba la maji machafu linapopenya ukutani, maana mara nyingi limefungwa kwa saruji iliyopasuka na kila kinachomwagwa kwenye sinki kinaingia ndani ya ukuta.

Halafu teremka chumba kilicho chini ya jiko, uchukue bisibisi na tochi. Sakafu ya jiko la mama imebebwa na boriti za mikoko, na kinachooza kwanza ni ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani. Choma kila ncha. Ikiwa ngumu, alhamdulillahi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, simamisha habari ya kabati na granaiti mpaka boriti ibadilishwe. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020 mbele ya macho yetu, na lile lilikuwa jumba la Sultani. Nyumba zetu hazifai kudharauliwa.

Jambo la mwisho ni uzito. Zege la kusawazishia la sentimita 5 lina kilo 100 hivi kwa kila mita ya mraba. Jiko la mita 3 kwa 4 utakuwa umeiongezea sakafu zaidi ya tani moja kabla hujaweka hata sufuria. Sakafu ile tayari ni mawe na chokaa tupu, nzito kama ilivyo. Rekebisheni kwa chokaa, na granaiti muipeleke Fuoni.

JiraniMalindi

Kwa nini msimshushie mama jiko chini, uani? Mtu mzima wa miaka 71 apande ngazi zile kila siku kwa nini?

AmuMwenyewe

Niko Lamu, na huku pia meko yalikuwa juu. Msilishushe jiko kabla ya kuuliza. Ghorofa ya chini ndiyo yenye unyevu kuliko zote, upepo haufiki, na moshi wa kukaangia utapanda wote nyumbani. Itabidi pia mchimbe njia mpya ya maji machafu katika uchochoro. Kama tatizo ni ngazi, mtengenezeeni mama chumba cha kulala juu, karibu na jiko. Sisi tulifanya hivyo kwa bibi yetu, akapika mpaka alipotaka mwenyewe kuacha.

Mkadiriaji

Naomba nizungumzie fedha, maana hapo ndipo miradi mingi inapokwama.

Nusu kwa nusu haifai, kwa sababu nyumba hizi mbili hazifichi mambo kwa kiasi kimoja. Fuoni utaona karibu kila kitu ukiwa umesimama mlangoni. Kiponda hujui mpaka lipu ibanduliwe. Kwa hiyo nyumba mpya itengee dharura ya asilimia 10, ya zamani asilimia 25. Mimi ningepanga hivi: kazi ya Kiponda milioni 12 na dharura yake milioni 3; kazi ya Fuoni milioni 6 na dharura laki 6. Hiyo ni milioni 21 na laki 6. Laki 4 zinazobaki ni za mchoro na vibali.

Vibali si hiari. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na matengenezo yanapitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nendeni mapema na picha za ukuta, sakafu na dirisha. Wakisema hapana kwa jambo fulani, afadhali waseme kabla hamjanunua vifaa.

Gharama ambayo watu hawaiandiki ni kifusi na uchukuzi. Gari haliingii kwenye vichochoro. Kila mfuko wa mchanga utashushwa barabarani, upandishwe mkokoteni, kisha ubebwe begani ngazi kwa ngazi, na kifusi kirudi njia ile ile kwenye magunia. Muulize fundi bei hiyo imo katika ufundi wake au haimo, na jibu liandikwe.

Malipo yawe kwa hatua. Vifaa nunua mwenyewe. Asilimia 10 ya ufundi ibaki mkononi mwako mpaka maji yatumike jikoni kwa muda na pasionekane palipolowa.

Wakili_Vuga

Swali moja muhimu: nyumba ni ya mama peke yake, au urithi haujagawanywa? Au ni ya wakfu? Kama mna wajomba na mashangazi wenye sehemu humo, pateni ridhaa yao kwa maandishi kabla ya kutia milioni 15. Ugomvi wa ndugu juu ya nyumba nimeuona ukianza na jambo dogo kuliko jiko.

SaketiSalama

Mimi nijibu la Fuoni. Umeme hauna ugonjwa, unakulinda. Oveni ya wati 3,000 na birika la wati 2,000 ni wati 5,000. Gawa kwa volti 230, unapata karibu ampea 22. Kama soketi zote za jikoni ziko kwenye laini moja ya waya wa milimita 2.5 za mraba yenye breka ya ampea 20, imezidiwa, na si ajabu ikikata. Mtu asije akakubadilishia breka kubwa akauacha waya ule ule, hapo ndipo nyumba zinapoungua. Oveni ivutiwe laini yake kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita 6 za mraba. Friji nayo ipate yake ukiweza. Fanya haya kabla ya marumaru, si baada.

Kwa Kiponda, waya wote upite juu ya ukuta ndani ya mabomba ya plastiki. Msichimbe mifereji katika ukuta wa chokaa.

Gesi: ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini. Kwa hiyo matundu ya hewa yawe chini, usawa wa sakafu, pamoja na dirisha. Fuoni weka mtungi nje ndani ya kizimba cha nondo. Kiponda fikirieni ni nani atakayempandishia mama mtungi wa kilo 15, maana ukiwa umejaa unakaribia kilo 30.

BiNyota

Mwanangu, mafundi wamesema, na mimi nimepika maisha yangu yote, nisikilize kidogo.

Mpimeni mama, msipime ukuta. Asimame, akunje mkono, kaunta ije chini ya kiwiko chake kiasi cha upana wa kiganja. Kaunta za dukani ni sentimita 90. Kama mama ni mfupi huko atachoka mabega. Pale pa kukandia chapati na kusonga ugali pashuke zaidi. Na mwachieni mahali pa kukaa na mbuzi yake ya kukunia nazi. Nyumba ngapi zimewekwa kaunta za kupendeza, halafu mwenye jiko anakunia nazi ukumbini!

Wewe wa Fuoni, kama una jiko la nje, usiliondoe. Samaki wa kukaanga na mkaa vibaki huko. Jiko la ndani litakaa safi na hutahitaji mashine kubwa ya kuvuta moshi.

MwanaKiponda

Nawashukuru sana. Tumekwenda na bisibisi. Boriti mbili zilizo chini ya sinki zimezama, nyingine ngumu. Na bomba la maji machafu ni kama alivyosema FundiChokaa, linavujia ndani ya ukuta. Mama amekataa katakata kushuka, anasema upepo wa kule juu hauuzi kwa jiko lolote. Ndugu tumekubaliana na tunaandikiana. Lile wazo la nusu kwa nusu nimeliacha, nafuata mpango wa Mkadiriaji, na Fuoni naanza na umeme na dirisha.

Yamebaki mawili. Kabati za mama zikae vipi kwenye ukuta ule? Na kazi ianze lini?

FundiChokaa

Kabati za juu msitundike. Ukuta wa mawe na chokaa haushiki vizuri skrubu za kubeba mzigo, na sahani za mama ni nzito. Tumieni vidaka vilivyomo ukutani, visafisheni na mvipake chokaa. Za chini ziwe za mbao ya kweli, mkangazi au mninga, zisimame kwa miguu, na nyuma muache nafasi ya vidole vitatu ukuta upumue. Marumaru bandikeni ukanda mfupi tu nyuma ya sinki na jiko.

Mwanzo ni boriti mbili na bomba. Kisha banduweni lipu mbovu, chumvi ipigwe brashi kavu na kuzolewa. Msiioshe, maji yanairudisha ndani. Ukuta uachwe wazi ukauke, na hapo subira inatakiwa. Lipu mpya iwe chokaa iliyozimuliwa na kulala majini, na mchanga usiwe wa pwani. Tabaka nyembamba, moja ikishika ndiyo ya pili ifuate, zikinyunyiziwa maji zisikauke kwa pupa. Juu yake rangi ya chokaa.

Masika yapite kwanza. Kibali kiombwe sasa, chokaa ilowekwe sasa, ubomoaji uanze Juni. Na kabla ya siku hiyo mtafutieni mama meko ya muda hapo hapo juu, upande wa pili.