Tozo ya utafiti kwa kila kilo ya asali: tukatwe, au tumwachie muuza dawa agharamie?

NtaNyeupe:
Wakuu, salaam. Mimi ni mweka hazina wa chama cha wafugaji nyuki. Kamati inataka kila mwanachama akatwe kidogo kwa kila kilo anayouza, fedha ziende mfuko wa utafiti. Hoja haijafika hata mkutanoni, tayari ni kelele: "Tuwalipe wasomi waandike makaratasi?" Wakati huohuo kampuni moja yenye dawa ya utitiri wa varoa, wale vimelea wa nyuki, imejitolea kugharamia utafiti mzima, sisi tutoe mizinga tu. Wengi wanaona ni bure ya bwerere. Mimi roho inasita. Mliopitia haya mnasemaje?

SegaTupu:
Chukueni fedha ya kampuni, mkuu. Mfugaji anahangaika hivi, bado umkate? Utafiti ni kazi ya serikali, kodi tunalipa.

Mama_Mizinga:
NtaNyeupe, roho yako inasita kwa haki. Nimewahi kutoa mizinga yangu kwa majaribio, baadaye nikakaa kwenye kamati ya kugawa fedha hizi, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Anzeni na swali mnalotaka lijibiwe, ndipo mtafute wa kulilipia. Kampuni italipia swali moja: dawa yetu inaua utitiri? Ni swali halali. Lakini mfugaji ana mengine. Asidi ya oksaliki, ambayo nayo inaua utitiri, itumike vipi na wakati gani? Ukimfungia malkia kwenye kizimba mpaka majana, yaani watoto wa nyuki, yaishe ndipo utibu, unapata nafuu kiasi gani? Hapo hakuna hataza wala wa kutajirika, basi hakuna atakayekimbilia kulipia. Marekani iliidhinisha oksaliki kwa nyuki mwaka 2015, ilhali wafugaji wa Ulaya walishaizoea miaka mingi. Kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kukisukuma.

Hao wa "makaratasi" waleteni siku ya kuhesabu utitiri. Unachota nyuki nusu kikombe, kama 300 hivi, kwenye sega lenye majana, na uhakikishe malkia hayumo. Unawatia kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, unawamwagia sukari ya unga, unaizungusha chupa taratibu, unawaacha kidogo, kisha unakung'uta sukari kwenye sinia jeupe. Vidoa vya hudhurungi vikianza kutembea, ndio hao. Unahesabu, unawarudisha nyuki mzingani wakiwa weupe pepepe na hasira zao, unahamia wa pili. Fanya hivyo mizinga yote, halafu urudie msimu mzima. Fedha nyingi inaliwa hapo, na mikono na macho ya watu, wala si na karatasi.

Halafu kuna mizinga ya kulinganishia, ile isiyotibiwa. Bila hiyo hujui ni dawa iliyofanya kazi au ni msimu tu ulikuwa mzuri. Nayo inaweza kufa, na kabla ya kufa ikagawa utitiri kwa majirani. Kwa hiyo "toeni mizinga tu" si neno dogo, huo ndio mzigo mzito wenyewe. Waulizeni: kundi likifa, nani analipa?

SegaTupu:
Mama, umesema vizuri, ila New Zealand wafugaji walipigia kura tozo ya asali mwaka 2019, wakaikataa. Hao si wajinga.

Mama_Mizinga:
Si wajinga hata kidogo, mwanangu. Tozo ambayo mlipaji haoni inakokwenda ningeikataa na mimi. Ila hilo la serikali nakuunga mkono nusu. Australia wafugaji wanakatwa, na serikali inaongeza juu ya ile sehemu ya utafiti. Anayeanza kuchangia ana sauti ya kudai. Umoja wa Ulaya nao kwa miaka mingi ulibeba nusu ya gharama za mipango ya ufugaji nyuki ya nchi wanachama, utafiti wa vitendo ukiwemo.

Na mwenye shamba yuko wapi? Kwenye lozi uchavushaji ni roho ya zao, na huko California wenye mashamba waliingia na wafugaji kwenye Project Apis m., shirika la kugharamia utafiti wa nyuki, tangu 2006. Chama kinachomkata mfugaji peke yake kimesahau nusu ya wanaofaidika.

Chavua_Kavu:
Msiweke yote kwenye dawa. Miaka na miaka tuliambiwa varoa anafyonza damu ya nyuki. Mwaka 2019 mtafiti Samuel Ramsey na wenzake wakaonyesha kwamba kwa nyuki mkubwa chakula chake hasa ni tishu ya mafuta, ile inayofanya kazi kama ini. Nani angelipia hilo kwa kusubiri faida ya msimu ujao?

NtaNyeupe:
Nimeelewa. Je, tukichukua vyote viwili, tozo ndogo na fedha ya kampuni?

Mama_Mizinga:
Chukueni, mkataba ukisainiwa kabla nyuki hawajaguswa. Mpango wa majaribio uandikwe na mtafiti, si kampuni. Takwimu ziwe mali ya chama pia. Matokeo yachapishwe hata dawa ikishindwa, bila kuomba ruhusa. Hicho cha mwisho ndicho watakachokibishia. Wakikifuta, rudisheni fedha.

NtaNyeupe:
Nimewatumia leo asubuhi. Wamejibu mengine hayana shida, ila la kuchapisha wanalipeleka kwa mwanasheria wao.